Kamba za Majimoto

Mama alipokwenda Pemba kumtazama mdogo wangu aliyejifungua, aliniachia shamba letu la Muheza. "Litunze," aliniambia. "Nikirudi salama, hili ni lako." Mie nikashika hilo la pili tu.

Ni shamba dogo la minazi, na michungwa katikati. Lilijaa majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mchungwa wakayafanya nyumba. Wakikung'ata, utaruka upende usipende. Mama alikuwa amefunga kamba za makumbi ya nazi kutoka mchungwa hadi mnazi, mnazi hadi mnazi, kama mtu aliyetaka kuanika nguo akasahau. Toka utotoni nimezipita kwa kuinama, wala sikuwahi kuuliza za nini.

Siku ya kuangua nazi akaja mkwezi wetu wa miaka yote. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyoosha mkono. "Majivu yako wapi? Mama yako hunipa nijipake kabla sijapanda."

Majivu niyatoe wapi nami napikia gesi? Akajaribu hivyo hivyo. Hakufika hata nusu ya mnazi, akashuka mbio huku akijipiga mapaja. "Wallahi sipandi! Hawa watanila mpaka pasipotajika!"

Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira. Mtu mzima na akili zangu nishindwe na wadudu? Kesho yake nikanunua dawa, nikaazima bomba, nikapulizia kila mti. Kamba nikazikata nikazichoma. Majani nikayafyeka mpaka udongo ukabaki mtupu. Mkwezi alipanda akipiga mluzi, nami nikampelekea mama picha kwa simu, kifua mbele.

Akapiga. "Kamba zangu ziko wapi?"

"Nimezichoma, mama. Si zilikuwa takataka?"

"Haya," akasema. Aliyelelewa na mama wa pwani anaijua haya hiyo.

Miezi kadhaa baada ya yeye kurudi, vidaka vikaanza kudondoka, vinazi vichanga vya ukubwa wa ngumi. Kila asubuhi nilivikuta vimetapakaa chini. Mama akaokota kimoja, akanionyesha makovu yenye utomvu. "Kuna mdudu anavifyonza. Majimoto ndio waliokuwa wakimla."

"Si watarudi wenyewe? Watapita chini."

"Chini si kwao. Chini pana sisimizi, watawaua. Weye ulidhani kamba zile ni za nini?"

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Ila lile neno la shamba kuwa langu hakulitaja tena. Jirani akimuuliza habari za shamba, anajibu "shamba langu," nami nimesimama pale pale. Iliniuma, sisemi uongo.

Nikaenda kwa jirani kuomba majimoto. Alicheka mpaka akakaa chini: tangu azaliwe hajaona mtu anayeomba kung'atwa. Nikakata viota viwili, nikavitia gunia, nikavining'iniza kwenye mchungwa wetu. Baada ya wiki chache wote wamekwisha. Nikarudia, wakaisha tena. Mara ya tatu mkwezi akanihurumia. Akaniambia hao wana mama yao, jike nene la rangi ya kijani, na humo katika viota vyote vya mti yumo mmoja tu. Ukimwacha nyuma, umebeba yatima. Basi tukahamisha viota vyote vya mchungwa mmoja wa jirani hadi kwenye wetu, hata kile cha kileleni, nami nimejipaka majivu niliyoomba kwa muuza mihogo. Hayakunisaidia sana. Usiku ule nililala kwa tumbo.

Nikangoja. Majani nikayaacha yaote, maana sisimizi hupenda udongo mtupu. Kila nikipita nilitazama ule mchungwa kwa mbali, nikiogopa kuukuta umenyamaza kama ile mingine.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia, nikauegemea ule mchungwa kidogo nipumzike. Nikachomwa shingoni, moto wenyewe. Nikapaza sauti: "Mama! Nimeng'atwa! Mama, njoo, nimeng'atwa!"

Akatoka jikoni na machicha ya nazi mikononi, amefadhaika. Akanitazama shingo, akatazama juu, majani mabichi yameshonwa upya. Akacheka hadi machozi, na mie nikalia hasa.

Akaingia ndani, akatoka na bunda la kamba mpya ya makumbi. Aliisokota lini, sijui mpaka leo. Akanipa ncha moja.

"Haya," akasema. "Kaifunge kwenye mnazi wako."