Bibi Aliyeuliza Mipaka

Asubuhi zangu zilianzia mtaa wa Bredäng, ghorofa ya sita, kwa bibi mmoja Mwingereza aliyemfuata mumewe Stockholm zamani akabaki hapo mjane. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumvalisha na kumpikia uji. Ukutani alikuwa na ramani kubwa aliyoichora mwenyewe: parokia ya kijijini alikozaliwa, kila shamba na kila ua wa miti. Alipokuwa na nguvu alirudi huko kila kiangazi kukusanya historia yake.

Mwanzoni aliongea yeye, mimi nikaitikia tu. Kisha akaanza kuniuliza. Kwenu Burundi, shamba la baba liliishia wapi? Jirani wa upande wa chini alikuwa nani? Maji mliteka wapi?

Nilikamua kitambaa cha kuogea. Tulipokimbia vita, watu waliingia shambani kwetu, na kesi haijaisha mpaka leo. Mtu haulizi mipaka hivi hivi.

"Nimesahau," nikasema. "Nilikuwa mdogo."

Kesho yake aliuliza tena, kwa kuzunguka. Nikawa nasikiliza kila simu yake ikilia. Siku moja nilikuta vikombe viwili kwenye sinki, nikajiuliza nani alikuja kunywa kahawa, na walisema nini juu yangu. Nikampigia kaka yangu anayekaa mji wa jirani, Södertälje.

"Usimwambie kitu," akasema. "Hata hapa Uswidi kuna jamaa za waliolichukua lile shamba."

Wiki nzima niliyakwepa maswali yake. Mwishowe, nikimfunga vifungo vya sweta, nikamuuliza wazi, "Nani amekutuma?"

Hakukasirika. "Kule kwetu pia waliniuliza hivyo," akasema. "Nilipita nyumba kwa nyumba, wakanifungia milango. Walidhani nimetumwa na mwenye ardhi."

Akanionyesha ramani. Zamani, akasema, upande huu wote ulikuwa malisho na vishamba vya kijiji kizima. Matajiri wa jimbo wakauzungushia ua, maskini wakatoka mikono mitupu. "Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wa hao maskini. Nilitaka kujua kipande chake kilikuwa wapi."

"Ulijuaje?"

"Kwa miti. Ua wa zamani una miti ya aina nyingi, imejiotea yenyewe miaka na miaka. Ule wa matajiri ni aina moja tu, ulipandwa kwa mara moja. Nilifuata ule wa zamani, nikaiona mipaka ya wakati wa babu."

Sikumwamini yote. Mtu mwenye nia mbaya naye hakosi jibu zuri. Lakini nilijikuta nikimwambia kwamba kwetu mpaka ulikuwa ua wa mnyaa, kwamba ukiukata unatoa maziwa yanayochoma macho, na baba alitukataza kuugusa. Alifumba macho akanisikiliza.

Jina la mlima wetu, ambalo kwetu ndilo anwani ya mtu, sikulitaja, naye hakuliuliza. Nilimvalisha soksi, nikachukua begi, nikashuka kwenda kwa mteja wa pili, nikiwaza kama nimesema mno.