Raba Nyeusi ya Vipele

Muuza vifaa vya michezo pale Kariakoo aliniamkia vizuri tu, kisha akaniharibia siku kwa kunipa raketi ya tenisi ya mezani, ya kaboni. "Mzee, hii ndiyo wanayochukua vijana. Ukigusa tu, mpira umeshafika."

Nikamwambia mimi sina haraka ya mpira kufika. Nataka ubao wa mti mtupu, tabaka tano zilizogundishwa, basi. Mti unakwambia mpira umegusa wapi; hiyo kaboni inapiga tu, kama mtu anayekujibu kabla hujamaliza kusema. Niligonga mbao nne kwa kifundo cha kidole, moja moja sikioni, huku wabeba mizigo wakinipigia kelele niwapishe. Nikachagua iliyotoa sauti nzito.

Raba ndiyo kazi. Ya upande wa mbele nilichukua nyekundu, laini, inayoukamata mpira kidogo. Ya upande wa nyuma nikataka nyeusi yenye vipele virefu, vile vijinundu vya raba. Muuzaji akakunja uso.

"Kwani unacheza na nani, mzee? Vipele hivyo ni vya kumzuia mtu anayezungusha sana mpira. Vijana wa sasa wanapiga nyundo tu."

"Najua ninachotaka," nikamjibu, kwa ukali ambao hakuustahili.

Ukweli ni kwamba sina ninayecheza naye. Kila Jumamosi naenda ukumbini, mtaa wa Gerezani, vijana wananiamkia, wananipisha kiti, kisha wanacheza wao kwa wao. Rafiki yangu, fundi wa magari niliyecheza naye miaka kumi na sita, alirudi kwao Lindi kumuuguza mama yake. Mama alishapona zamani. Yeye bado yuko huko, na kila nikimuuliza anarudi lini, ananiambia karibuni.

Nilipofika nyumbani nilibandika raba, nikakata kingo kwa wembe, nikampigia simu. Nilitaka aisifie raketi yangu. Akauliza uzito, akauliza mpini, kisha akauliza upande wa nyuma nimeweka nini.

"Vipele virefu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Bwana wewe! Hiyo si umenitegea mimi?"

Ilikuwa kweli. Yeye anacheza kwa mkono wa kushoto, na mipira yake ya kuzunguka ilikuwa ikinikomoa upande huohuo wa nyuma. Nilikuwa nimesimama dukani mchana kutwa nikimtafutia dawa mtu aliyeko Lindi. Nikacheka naye.

Alipotulia, sauti yake ikashuka. "Ibandue, ndugu yangu. Weka raba ya kuchezea na hao vijana. Mimi huku nimeshaanza kujenga."

Nikamwambia hongera. Nikamuuliza kama ameshapaua, naye akanieleza kwa kirefu, chumba kwa chumba, na mimi nikawa naitikia.