Nimeokoka mara saba, na kadi ya mara ya saba ikaletwa mikononi mwangu

Wakuu, salamu kwenu.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha. Chumvi sijaongeza, yenyewe yamekolea vya kutosha. Wale wa kusema "hii chai", karibuni mapema, viti vipo.

Mimi ni mzaliwa wa Kanazi, Ngara, nyumba ya Wakatoliki watupu. Niliokoka nikiwa sekondari, nikabatizwa mtoni, mzee wangu akaninunia karibu mwaka mzima.

Sasa hivi naishi Kaniha, Biharamulo. Ni fundi pikipiki. Kanisani kwetu (la kilokole, jina niachieni) mimi ndiye mwalimu wa waongofu wapya. Mtu akiokoka analetwa kwangu. Somo la kwanza ninalomfundisha ni uhakika wa wokovu.

Sasa siri yenyewe ni hii: huo uhakika mimi sikuwa nao.

Sijui niwaelezeje. Nina hasira za karibu. Nikimjibu mke wangu vibaya asubuhi, siku nzima nafungua nati huku najiuliza, nikifa sasa hivi je? Nikienda Nyakanazi kuchukua spea, malori ya ile barabara mnayajua, kila lori likinipita natubu. Nikirushwa na tuta nikaropoka, natubu tena. Nafika nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Mhubiri akifika pale pa "kama hujui ukifa leo utaenda wapi, njoo mbele", moyo unanienda mbio. Naona ananisema mimi.

Kaniha siwezi kutoka mbele. Mwalimu wa waongofu atatokaje? Kwa hiyo nikawa naokokea ugenini. Biharamulo mjini mara mbili. Ngara mara tatu, mbili kati ya hizo ndani ya wiki moja.

Msicheke. Haya chekeni, najua mmeshaanza.

Ukijumlisha na ile ya sekondari zinakuwa sita. Ya saba ni Nyakanazi, mwaka huu huu.

Palikuwa na mkutano wa injili, makanisa kadhaa kwa pamoja. Mimi nilifuata cheni na beringi tu. Ila asubuhi ile nilikuwa nimemtukana mteja tusi la nguoni, eti kisa plagi. Spika za mkutano zinasikika mpaka dukani. Nikasema napita kuchungulia. Muda si muda nimepiga magoti kwenye vumbi, mfuko wa cheni kwapani, nalia.

Baada ya sala wanakupa kadi ujaze. Jina, namba ya simu, unakoishi.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mwenye akili zake angeandika jina la uongo. Mimi nikawaza, nimetoka kutubu sasa hivi, nianze kwa kudanganya kwenye kadi ya wokovu? Nikaandika kweli yote. Jina la ubatizo na la babu, ambayo Kaniha hakuna anayeyajua, wote wananiita Mwalimu. Namba yangu ya simu. Kaniha.

Nikaondoka mwepesi. Amani ilidumu mpaka lori la kwanza.

Sasa zile kadi zinagawiwa kwa makanisa kufuatana na mtu anakoishi. Mimi nalijua hilo kuliko wote, maana huwa ninaletewa mimi! Ila siku ile akili ilikuwa imesafiri.

Jumamosi iliyofuata mchungaji akanikabidhi kadi nne. "Mwalimu, hawa ni watu wetu wa Nyakanazi, wafuatilieni."

Ya tatu ni mimi. Mwandiko wangu kabisa.

Nilitaka kuichana, wakuu, naapa. Lakini kwetu ufuatiliaji ni watu wawili wawili, na mwenzangu alishakaa pembeni yangu na simu mkononi.

Mwenzangu ni Mama Devota. Ni Msubi, L kwake hutoka R, mtu mzima, mimi humpa shikamoo kwanza ndipo nimfundishe. Alipookoka mwaka jana alikuja darasani amekonda kwa hofu. Alikuwa na miaka mingi ya mambo ya waganga, anaamini kabisa Mungu hawezi kumpokea. Somo la siku moja nilimfundisha wiki tano. Siku alipolielewa alilia mpaka kitenge kikalowa, na tangu hapo ni mtu mwenye amani zake.

Huyo ndiye niliyekuwa naenda kumbomoa.

Herufi anazisoma kwa shida ila namba anazijua. Kadi ya kwanza, hapatikani. Ya pili akapokea mtu, Mama Devota akamwombea palepale. Akashika ya tatu.

"Mama, hiyo tuiache, mtandao leo mbovu."

Kitochi chake kioo kilishakufa, hakionyeshi jina la mtu. Akabonyeza.

Simu yangu ikaita mfukoni.

Nikaikata. Akabonyeza tena. Ikaita tena.

"Mwarimu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya saba."

Nilitegemea alie, au ainuke aende kwa mchungaji. Nikamwambia, "Nisamehe mama, nimekufundisha kitu ambacho mwenyewe sina."

Wee! Mama alikasirika. "Kumbe mimi nimetulia kwa maneno ya mtu asiyetulia?"

"Maneno si yangu, ni ya Mungu."

"Sasa kama ni ya Mungu, kwangu yakubali, kwako yagome kwa nini? Mimi nimefukia kuku wazima njia panda ili jirani afe. Wewe umetukana mtu wa plagi. Nani hapa ana dhambi ngumu?"



Akanisogezea daftari la waongofu, maana mwandishi ni mimi. "Jiandike."

Nikaandika jina. Nikafika kwenye tarehe ya kuokoka, kalamu ikasimama. Nikamuuliza niandike ipi.

"Ya shureni."

"Na hizi nyingine sita?"

"Hizo ulikuwa umo ndani unapiga hodi. Mwenye nyumba akufungulie mlango gani?"

Wakuu, nilifunika uso kwa lile daftari nikalia kama mtoto.

Kesho yake niliwaambia darasa zima, mwenyewe, bila kulazimishwa. Kijana mmoja alifunga daftari lake akatoka, na hajarudi. Nimemfuata kwake mara mbili hataki kuniona. Hilo linaniuma mpaka leo, na sina cha kumlaumu.

Msidhani nimepona. Hasira zipo, malori yapo. Jumapili iliyopita alikuja mhubiri mgeni, wito ukatolewa, miguu ikaanza kucheza. Nikashika benchi kwa mikono miwili mpaka nyimbo zikaisha. Sijui ilikuwa imani au aibu, ila sikutoka.

Nilichojifunza: miaka yote nilikuwa najikagua mimi. Nimetubu vizuri? Nimelia vya kutosha? Yule niliyekuwa namwendea hata sikumtazama, nilimchukulia kama mtu anayebadilisha mawazo kila nikikosea.

Najua hapa kuna wa "ukiokoka umeokoka" na wa "unaweza kuanguka ukapotea". Mtarushiana maandiko mpaka uzi ufungwe, ruksa, na mimi nitasoma yote. Ila kabla hujaanza nijibu hili kwanza, kwa ukweli: wewe mwenyewe siku uliyokosea, unaomba ukiwa kama mtoto wa humo ndani, au unaanza upya kama mgeni?

Na yule kijana wangu kama yumo humu, mdogo wangu, rudi. Mwalimu wako naye amerudi somo la kwanza, Mama Devota ndiye anayefundisha.