Taa Zilizotia Maji Maziwa

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo haya ya umeme nayaandika kwa woga. Ajuaye zaidi anisahihishe. Ya maziwa, hayo niliyaona kwa macho yangu.

Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa mpika chai katika hoteli moja ya Garsen, magari ya Lamu na Malindi yaliposimama kula. Umeme wetu ulikuwa wa jenereta. Kila friji ilipoanza kunguruma, balbu zote kumi zilisinzia. Fundi mmoja akasema balbu zile zinakula dizeli bure, zinatoa joto kuliko mwanga. Tufunge tyubu, zile taa ndefu nyeupe, nne tu zitatosha. Mwenye hoteli, mzee wa Kipini, akaniuliza naonaje. Nikajibu, "Fundi anajua." Sijui kwa nini nilisema vile. Labda nilitaka nionekane nimefikiri.

Nizitendee haki tyubu zile: friji ilinguruma na mwanga haukutikisika. Tuliona hadi pembe za ukumbi, na utando wa buibui ambao nilikuwa nikiapa kuwa nimeufagia.

Shida ilikuwa maziwa. Mama mmoja Muorma alituletea kila alasiri katika kibuyu, na kwa miaka yote hakuna aliyeyatilia shaka. Ukumbi wetu ulikuwa na dirisha moja, kwa hiyo taa tuliziwasha jua likingali juu. Chini ya tyubu maziwa yake yakaonekana ya samawati, kama maji yaliyooshewa mchele. Wateja wakaanza kunong'ona. Kwa watu wa ng'ombe, heri umtukane mtu kuliko kumwambia ametia maji maziwa; neno kama hilo lingetoka kwetu, asingepata mnunuzi Garsen nzima.

Ijumaa mwenye hoteli akaniambia, "Leo akija, mwambie asilete tena." Mama akaja. Nikamwambia habari za mvua. Nikamwambia habari za barabara. Nilikuwa nimefika kwenye habari za mbu aliposema dereva mmoja wa lori, mtu wa bara, kikombe mkononi:

"Mama, ng'ombe yako leo imekunywa mto Tana yote?"

Ukumbi ukacheka. Nami nilitabasamu, lazima niseme.

Mama akamgeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza sokoni, lakini kilikuwa bora kuliko Kiorma changu, ambacho ni salamu tu. "Ng'ombe yangu inakunywa maji, inatoa maziwa. Wewe unakunywa maziwa, unatoa nini?"

Sasa wakamcheka dereva. Mama hakucheka. Alitaka kipimo, mbele ya watu wote: tone la maziwa juu ya ukucha. Maziwa matupu hushika; yenye maji huteleza. "Leta ukucha," akasema.

Mwenye hoteli akatoa mkono. Hakuna kitu, alikuwa amekata kucha asubuhi kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Jirani yake vivyo hivyo. Wanaume kumi na zaidi, mikono mbele kama watoto wa shule wanaokaguliwa, na hakuna ukucha wa kubeba tone. Mimi hata siku nyingine nisingekuwa nao, kucha zangu nazitafuna. Wa mama mwenyewe ulikuwepo, mzuri, lakini wakasema mshtakiwa hawezi kuwa mizani.

"Huyu hakuswali," mtu akasema, akimwonyesha dereva.

Kweli, dereva alikuwa nazo, zote kumi, nyeusi kwa grisi. Tukamsugua kidole gumba kwa sabuni na mchanga, naye akilalamika kuwa ngozi si ya sufuria. Mama akadondosha tone. Likashika. Dereva akainamisha mkono, likang'ang'ania. Akatoka nalo juani, likawa jeupe zito lenye umanjano wa siagi. Akarudi ndani, samawati. Alitoka na kuingia mara tatu kama mtu aliyesahau kofia.

"Ni taa," akasema polepole.

"Ulinitukana kwa sauti," mama akamwambia. "Sema kwa sauti."

"Maziwa ni mazuri! Taa ndiyo mbaya!"

Jioni ile ile mwenye hoteli akarudisha balbu moja ya zamani juu ya meza ya chai. Hapo wateja wote wakahamia, wakibanana mabega, huku tyubu zikimulika mabenchi matupu. Baada ya wiki tukazima mbili, kisha ya tatu. Dizeli ikadumu kuliko alivyoahidi fundi, na mwenye hoteli akanisifu kwa ushauri wangu. Nilizipokea sifa zile. Naona haya hadi leo, ingawa si sana.

Mama aliendelea kuja. Ila kuanzia siku ile husimama kwanza mlangoni, kibuyu kimefungwa kwapani.

"Ile taa yangu inawaka?"

"Inawaka, mama."

Ananyoosha shingo ahakikishe mwenyewe, ndipo anafungua.