Saa Mbili ya Ndanu

Saa moja na nusu asubuhi, Hurlingham. Ndanu Kiilu ameacha viatu na simu mlangoni mwa maabara, na sasa ameinamia darubini. Sahani ya plastiki iliyo mbele yake ina matone tisini na sita, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Lori likinguruma barabarani, analisubiri lipite ndipo aisogeze sahani.

"Hivi vitu vinataka utulivu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukivisumbua, vinakununia."

Anachotafuta ni fuwele za protini ya kimelea cha ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe. Protini hiyo hupeleka ujumbe ndani ya kimelea, lakini hulala mpaka kemikali ndogo, kiamsho, iishike. Wataalamu wanataka kuona zinaposhikana, ili watafute dawa ya kupaziba. Picha yake hupigwa kwa eksirei, na haipigiki mpaka protini igande iwe fuwele.

Hapo ndipo penye kazi. Kwa miaka mitatu alikagua matone zaidi ya elfu kumi na moja, na kila kilichong'aa kikawa chumvi. Ndanu, 43, hakungoja mashine imwambie. Ukiibonyeza chumvi kwa sindano, inalia ka! Fuwele ya protini huvunjika kimya, kama mkate uliolowa chai.

Hakusomea haya. Miaka kumi na minne iliyopita alitoka Mutuini akaja kuosha chupa za maabara. Wakubwa wakaona mkono wake hautetemeki, wakampa sindano. Mwaka jana akaambiwa kuwa Juni ikifika bila fuwele, mradi unafungwa naye anarudi kwenye sinki.

Ni wakati huo ambapo Dkt Anita Wahu, mkuu wa mradi aliyekuwa amerejea tu baada ya miaka tisa ng'ambo, alibandika karatasi kwenye friji: "Weka kiamsho saa 2."

Alimaanisha saa nane mchana, protini ikishakolezwa. Ndanu akasoma saa mbili, kama Mkenya yeyote, akakiweka asubuhi protini ikiwa bado nyepesi kama maji.

"Nilikasirika, sitaficha," anasema Dkt Wahu. "Ilikuwa kazi ya wiki mbili."

"Nilijua hapo nimeenda nyumbani," anasema Ndanu. "Lakini niliandika ukweli kwa kitabu: saa mbili asubuhi. Kisha nikamwambia, kosa ni langu, Daktari, lakini saa nayo ni yetu."

Hawakuimwaga protini ile. Siku ya tisa, tone moja lilikuwa na fuwele saba. Ndanu akaibonyeza moja. Haikulia. Akalia yeye.

Kumbe protini ikikolezwa peke yake hujivuruga. Ikiwa na kiamsho chake hutulia. Fuwele sita zilizobaki zilisafirishwa ng'ambo, na mwezi uliopita picha ikaja, protini na kiamsho vimeshikana wazi. Jina la Ndanu ni la tatu kwenye ripoti.

Matone ya leo yana kemikali mpya, za kujaribu kupaziba pale vinaposhikana.

"Jirani yangu Hannah alizika ng'ombe wawili Januari, kwa wiki moja," anasema. "Amebaki na mmoja, na anasema atamuuza kabla naye hajafa. Kila jioni ananiuliza kwa ua, dawa imepatikana? Namwambia bado, mama, tuko kwa picha."

Anaingiza sahani nyingine.

"Mimi sitaki makuu. Nataka tu siku moja nimwambie: huyo wa tatu, usimuuze."