Weris Apewa Sufuri

Mwaka tisini na nane, maji ya Tana yaliporudi mtoni, alikuja Garissa msomi mmoja kutoka Nairobi kupima vijana wetu: nani anasaidia watu, na kwa namna gani. Mbele ya macho ya watu, kwa siri, kwa kuombwa, au wakati wa hatari. Kila namna na alama zake. Watakaoongoza, shirika lake lingewasomesha uuguzi.

Weris, binti wa marehemu dada yangu, alikuwa na miaka kumi na saba. Uuguzi aliutaka tangu mamake afe akijifungua. Mafuriko yalipoingia mtaani kwetu, alimbeba mgongoni Abshiro, jirani yetu kipofu, akavuka naye. Tangu hapo alimchotea maji na kumfulia. Hatukumsifu. Jirani ana haki yake, na wema ukiutangaza umeshaula.

Basi msomi akamwuliza, "Umewahi kumwokoa mtu kwenye hatari?"

"Hapana."

"Husaidia watu kwa siri?"

"Hapana."

Kadar, mtoto wa mwenye duka, mvivu ambaye babake humwamsha kwa kummwagia maji, alijibu ndiyo kwa kila swali. Akawa wa kwanza. Weris akapewa sufuri.

Nilimshika Abshiro mkono tukamwendea huyo msomi.

"Kijana, huyu mama alitolewa majini na msichana uliyempa sufuri."

"Mama, kipimo chetu humsikiliza kijana mwenyewe, si mashahidi."

"Na mwizi je," Abshiro akauliza, "naye mnamsikiliza mwenyewe?"

Watu wakacheka. Msomi akaona haya, akasema nimlete Weris aulizwe upya.

Nilimkuta anaanika nguo za Abshiro.

"Habaryar," akaniambia, maana mimi ni mama yake mdogo, "nikisema, nitakuwa nimembeba ili nilipwe."

"Nani kakwambia udai malipo? Sema ukweli tu."

"Mungu anaujua. Huyo mgeni wa nini?"

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia mamake angetaka aende. Hapo ndipo machozi yalipomlengalenga, lakini hakuondoka penye kamba.

Lori la shirika liliondoka Jumatatu, Kadar kakaa mbele na dereva, anapunga mkono. Miaka yangu hii nimeona wapima ardhi, wapima visima, wapima watoto waliokonda. Hao wote walishika walichokipima. Yule alipima midomo, akaondoka na midomo, na mwuguzi wetu tukabaki naye sisi, bila sindano wala dawa.