Joakimu na Ng'ombe wa Wenyewe

Kijijini Masieda, mtu akijifanya ana kitu hawasemi anazuga. Wanasema ana ujoakimu, na mwenye jina lake bado yupo, anapita barabarani kifua mbele, hana hata haya.

Joakimu hakuwa na ndama hata wa dawa. Ng'ombe waliojaa zizini kwake walikuwa wa mzee Gidion wa Dirma, aliyemwachia amtunzie, kama watu wa huku wanavyowekeana mifugo tangu zamani: maziwa kunywa wewe, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Hakuna aibu hapo. Lakini Joakimu, mwanaume mzima na ndevu zake, akaenda kwa Gaudensia kumposa binti yake, akijitapa, "Ng'ombe wangu hata majina nawachanganya, mama. Ni wengi mno!"

Gaudensia alimdharau tangu siku hiyo. Mwenye ng'ombe gani asiyejua majina yao? Ila binti yake Lucia alishapenda, na mama akikataa bila sababu ya kueleweka, mtoto angetoroka na Joakimu. Basi akasema, twende tukalione hilo zizi.

Wakaenda, mama na binti. Joakimu akawa anawatembeza, fimbo mkononi, huyu wangu, yule wangu. Mara mzee Gidion akatokea langoni, shuka begani, amekuja kuangalia mifugo yake. Lo! Uso ukamshuka Joakimu. Angenyamaza tu, lakini wapi! Akapaza sauti: "Aa, mchungaji wangu huyo. Mambo vipi, bwana?"

Mambo vipi! Kwa mzee wa umri wa babu yake! Gaudensia alitamani kumzaba kofi. Lucia akasogea mbele, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akajibu, macho kwa Joakimu. "Nilikuja kuwaona tu ng'ombe wangu. Sasa naondoka nao."

Joakimu akajichekesha. "Nilikuwa namtania babu, Lucia. Si unajua utani?"

"Ungeniambia huna kitu, ningekuja hivyo hivyo," Lucia alisema huku analia. "Lakini mzee aliyekunywesha maziwa umemnyima shikamoo mbele yangu. Mimi ungeninyima nini?"

Akamshika mama yake mkono, wakarudi nyumbani.